Nimestaafu, na ninachojua ni kujumlisha tu

BARUA

Dada mwenye safu,

Pokea salamu. Shikamoo siiandiki kwa sababu nina miaka 61, na nikikusoma nahisi wewe ni mdogo wangu. Kama nimekosea, nisamehe.

Nilistaafu mwaka jana baada ya miaka 34 ya uhasibu, karibu yote katika halmashauri. Nilianza karani wa fedha, nikamaliza mhasibu. Mafao nimepata. Habari za kikokotoo sitaki kuzigusa, maana nikizianza barua hii haitaisha. Nyumba tunayo hapa Muheza, michungwa michache ipo nyuma ya nyumba, watoto wanne wote wanajitegemea. Kwa hesabu za watu, mimi ni mzee asiye na shida.

Shida yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Naamka mwenyewe, naoga, napiga pasi shati langu la bluu, nalivaa, halafu nakaa barazani. Zamani mke wangu alikuwa akiuliza, "Leo unakwenda wapi?" Siku hizi haulizi. Ikifika saa nne, saa ambayo vocha zilikuwa zikiletwa mezani kwangu, mkono wa kulia unaniwasha, sikufichi. Nakwenda kijiwe cha kahawa, nacheza drafti, nafungwa na vijana, narudi. Nilijaribu kuku wa kienyeji 40. Wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na ndani ya wiki moja walibaki watatu.

Mwezi uliopita padre alihubiri mfano wa talanta, yule mtumwa aliyeifukia ya kwake ardhini mpaka bwana wake akarudi na kumtupa nje gizani. Padre akasema kila mtu ana talanta aliyopewa kwa ajili ya wenzake. Nilimwona kama ananitazama mimi. Mwanangu aliyeko Dar naye ananitumia video za wahamasishaji: "Baba, tafuta kusudi lako." Nimetafuta, dada. Siimbi, sihubiri, sijui kuchonga wala kutibu. Ninachojua ni kujumlisha, kutoa, na kulinganisha safu mbili za namba mpaka zikubaliane. Hicho nacho ni kipaji?

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Mke wangu ni katibu wa kikoba cha akina mama 25. Wanakutana Jumamosi saa kumi jioni, wananunua hisa za shilingi 2,000, wanakopeshana. Wiki tatu zilizopita walifungua sanduku wakakuta daftari linasema fedha moja na sanduku linasema nyingine. Shilingi 27,000 hazionekani. Mweka hazina wao, mama anayeuza machungwa stendi, akanyooshewa vidole mpaka akatamka mbele ya wenzake kwamba atauza mbuzi wake alipe.

Usiku ule mke wangu alirudi amevimba macho. Nikaomba nilione daftari. Ishirini na saba inagawanyika kwa tisa. Mhasibu akiona tofauti inayogawanyika kwa tisa, jambo la kwanza analolitilia shaka ni tarakimu mbili zilizopinduliwa. Nikashuka na kidole kurasa nne, nikakuta marejesho ya mkopo yameandikwa 85,000. Kesho yake tukaangalia kitabu cha mkopaji mwenyewe: 58,000. Mbuzi akapona. Yule mama alikuja barazani na fuko la machungwa, akashindwa kusema neno, akaliweka chini, akaondoka. Mchana ule nilikula kwa hamu kwa mara ya kwanza tangu nistaafu.

Habari zikasambaa. Kijana wa bodaboda akaniletea mkataba wa pikipiki nimsomee kabla hajasaini. Hesabu ya kila siku 12,000, siku 26 kwa mwezi, miezi 14, ndipo pikipiki iwe yake. Nikamjumlishia: 4,368,000. Alikuwa hajawahi kuiona imeandikwa kwa pamoja. Mwingine akaja na fomu ya mkopo, mwingine na daftari la duka.

Wale akina mama sasa wananiomba niwe mweka hazina wao wa kudumu. Nilitaka kukubali. Nilipomwambia mke wangu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Na wewe ukija kwenye kikoba changu, mimi nitakwenda wapi?" Sikumjibu. Tangu siku hiyo kanuna, si sana, lakini chai anaitua mezani kwa kishindo.

Pia naogopa maneno. Mzee aliyetoka halmashauri anaanza kuzunguka kwenye masanduku ya wanawake, watu watasemaje? Nikubali au nirudi kwenye drafti yangu?

Mstaafu, Muheza


JIBU

Kaka, shikamoo. Hukukosea, umenizidi kwa miaka kumi na kitu.

Nianze na padre, kwa heshima zote. Watu wengi wakisikia mfano wa talanta wanafikiria sauti nzuri ya kwaya au mtoto anayechora. Lakini talanta ya kwenye Mathayo 25 ni fedha. Ilikuwa kipimo cha uzito, na talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi. Dinari moja ni ujira wa kibarua wa kutwa nzima, kwa hiyo yule mtumwa alifukia mshahara wa karibu miaka 20. Maana ya kipaji ilikuja baadaye sana, kutokana na mahubiri ya mfano huohuo. Na ukisoma mpaka mwisho, bwana anamgombeza mtumwa kwamba angalau angeipeleka fedha kwa watoao riba ili akirudi aikute na faida yake. Katika Biblia nzima sijui mfano unaofanana na meza ya mhasibu kuliko huo, halafu wewe ndiye uliyekaa kanisani ukijiona huna talanta! Miaka 34 umekuwa ukizihesabu za wananchi. Hujafukia kitu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu haraka: ndiyo, ni kipaji. Mtu anayeona 27 akasikia kengele ya tisa ana kitu ambacho watu 25 waliokuwa wamelizunguka sanduku lile hawakuwa nacho. Wewe hukihesabu kwa sababu hukioni kigumu. Kama mvuvi wa Tongoni, ukimuuliza anachojua atakwambia hajui kitu, anajua bahari tu.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na naona kipaji si ndicho kinachokuuma. Kinachokuuma ni ile saa nne. Miaka 34 kulikuwa na watu waliokuwa hawawezi kuendelea na siku yao mpaka wewe utie saini. Mzabuni anasubiri, dereva anasubiri safari yake, mwalimu anasubiri posho yake. Ulikuwa mtu wa kusubiriwa. Sasa hakuna anayekusubiri, hata mkeo ameacha kuuliza unakwenda wapi. Hilo ni pengo, wala usilionee aibu. Wanaume wengi wanastaafu nalo na wanalizika kwenye pombe au kwenye kugombana na majirani juu ya mashamba. Wewe umelipeleka kwenye drafti. Umejitahidi.

Ila njaa hiyo ndiyo inayonifanya nikwambie usikubali uweka hazina.

Ngoja nikueleze kilichonipata. Kikoba changu cha kwanza hakikuuliwa na mwizi. Kiliuliwa na mtu mwema. Tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyesoma, mwenye mwandiko kama wa kitabu, akajitolea kuandika kila kitu. Alikuwa na safu zake, rangi zake za kalamu, vifupisho vyake. Sisi wengine tukastarehe. Tukifika tunatoa fedha, tunapiga soga, tunaondoka. Mwaka wa tatu mumewe akahamishwa kikazi, naye akamfuata huko kanda ya ziwa. Daftari alituachia, kamili, safi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulisoma. Tulikuwa tunajua fedha zipo, hatukujua ni za nani. Baada ya miezi miwili ya kutupiana maneno tukagawana kilichokuwepo kwa kukisia, na mpaka leo kuna watu wawili katika kundi lile ambao wakikutana sokoni mmoja anavuka barabara.

Yule dada hakuiba hata senti. Kosa lake lilikuwa kupenda kuhitajika.

Wewe unavijua vikoba kwa upande wa hesabu, lakini nadhani hujakitazama vizuri kile chombo chenyewe. Utaratibu huu wa hisa na sanduku ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, kusini mwa Niger, mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Baadaye ulifika Zanzibar na bara, ukazaa VICOBA na kukutana na upatu wetu wa siku zote. Kwa kuwa hawakusoma, utaratibu ule haukutegemea mtaalamu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ambao si mweka hazina. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Mwisho wa kikao salio linatajwa, na kila mwanachama anaondoka nalo kichwani. Kikao kijacho, kabla fedha hazijahesabiwa, wanaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Wakikubaliana ndipo zinahesabiwa.

Kwenye kikao kama hicho ile 58,000 ingetamkwa mbele ya watu 25, na 85,000 isingefika hata kwenye karatasi ya pili. Kilichovunjika kwa akina mama wa Muheza ni ule utaratibu wa kutamka. Bila shaka waliuacha kwa sababu unachosha, na jua linazama, na mtu ana watoto nyumbani. Ukiingia wewe kuwa mweka hazina wa kudumu, hawataurudia kamwe. Watasema, "Mzee yupo." Nawe utasikia raha, mkono wa kulia hautawasha tena, na kikoba kitakuwa kimeanza kufa taratibu.

Kwa hiyo wafundishe. Nenda mara nne, si zaidi, kwa mwaliko wao wote na kwa ruhusa ya mkeo, ambayo nitaifikia. Mara ya kwanza wafundishe ile tisa. Usiwaeleze sababu zake kwanza; waambie kila mmoja aandike namba yoyote ya tarakimu mbili, aipindue, atoe ndogo kwenye kubwa, agawanye kwa tisa. Waache wabishane, wajaribu na nyingine, wapige kelele. Yule mama wa machungwa ndiye awe wa kwanza kuja mbele, maana ndiye aliyetukanwa, na siku ile ataondoka akiwa anajua kitu kilichokaribia kumuuzia mbuzi. Mara ya pili, kutamka salio. Mara ya tatu, kulinganisha daftari la kikundi na vitabu vya wanachama kila mwisho wa mwezi, mtu asiye mweka hazina akisoma na mweka hazina akifuatisha. Mara ya nne usiseme kitu. Kaa nyuma, kunywa chai yao, uone wanafanyaje. Wakikosea subiri mpaka wagundue wenyewe, hata kama moyo unakuuma. Utakuuma kweli, najua wahasibu.

Kalamu usiishike hata siku moja. Fedha usiziguse hata za kuhesabu tu. Hii inajibu pia hofu yako ya maneno. Maneno yatakuwepo, Muheza ni ndogo. Lakini maneno yanahitaji pa kushikia, na mtu ambaye hajawahi kushika ufunguo, kalamu wala noti, watamshika wapi?

Sasa shemeji.

Katika barua yako yote hakuna sentensi nzito kuliko ile aliyoisema yeye: mimi nitakwenda wapi? Wewe umeisikia kama wivu au kununa. Mimi nimeisikia kama hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Miaka 34 wewe ulikuwa na ofisi. Ulikuwa na mahali ambapo watu walikuita kwa cheo chako, ulipogombana na wenzako na kupatana nao, na ukirudi nyumbani ulikuwa na habari za kusimulia. Yeye alikuwa na wewe na watoto wanne. Kisha akapata Jumamosi saa kumi. Pale si mama fulani wala mke wa mhasibu; ni katibu, na akisimama kusoma kumbukumbu za kikao watu 25 wananyamaza. Hiyo ndiyo ofisi yake. Wewe umestaafu ya kwako na sasa unaomba uhamisho kwenda ya kwake, tena kwa cheo kikubwa kuliko cha kwake. Hata mimi ningeitua chai kwa kishindo.

Usimwombe ruhusa kama mtu anayetoa taarifa. Muulize, kisha umwache akatae. Mwambie maneno haya au yanayofanana nayo: "Uweka hazina nimeukataa. Wenzako wakitaka niwafundishe ile tisa, wewe ndiye useme nije lini na nisije lini. Ukisema nisije kabisa, siji." Akisema usije kabisa, usiende. Andika yote kwenye karatasi, mpe, na umwache yeye awafundishe. Pengine hiyo ndiyo ingekuwa njia nzuri kuliko zote, ila sitaki kuwapangia sana mambo ya ndani ya nyumba yenu.

Halafu kuna wale wengine ambao umewapitia haraka kwenye barua kana kwamba si kitu: kijana wa bodaboda, mwenye fomu ya mkopo, mwenye daftari la duka. Kaka, hao ndio wa kwako. Hao walikuja wenyewe barazani, hakuna nafasi ya mtu uliyoichukua, na hakuna mwingine mtaani anayeifanya kazi hiyo.

Fikiria yule kijana. Alijua kila siku atakuwa na hesabu ya 12,000 ya kumpelekea tajiri, lakini alikuwa hajawahi kuiona 4,368,000 imeandikwa mahali pamoja. Hukumwambia asaini au asisaini. Ulimpa namba, akaenda kufikiri. Sijui aliamua nini, nawe hukuniambia, na naona ulifanya vizuri kutomfuata kumuuliza.

Na fomu za mikopo ndizo usiku wa manane wa nchi hii. Kausha damu hazina haja ya kuelezwa kwa msomaji yeyote. Kama haijaingia nyumbani kwako imeingia kwa jirani. Lakini wanaokopa wanaangalia rejesho la leo tu. Chukua mfano wa kawaida: mama ntilie anaandikiwa mkopo wa 100,000, anakatwa 15,000 ya fomu na bima, anakabidhiwa 85,000, kisha anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Elfu tano kwa siku haitishi, ni sahani chache za wali. Mtu akikaa naye dakika tano na kipande cha karatasi, anaona atalipa 150,000 kwa 85,000 aliyoishika mkononi. Elfu 65 kwa mwezi mmoja. Dakika hizo tano hakuna anayempa. Mkopeshaji hawezi, kwa sababu zinazoeleweka. Benki iko mbali naye hata kama ni jengo la ng'ambo ya barabara. Muulize pia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, maana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anatakiwa kuwa nayo, na swali hilo peke yake huwa linabadilisha sauti ya mtu upande wa pili wa simu.

Tena wewe una kitu ambacho mwalimu mstaafu au nesi mstaafu hana. Umekaa upande wa pili wa dirisha. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba kabisa, unajua maombi yake yanakwama wapi. Unajua katiba ya kikundi inarudishwa kwa kosa gani, na kwa nini andiko la mradi lenye namba za kubuni linawekwa chini ya rundo. Kuna vijana wanaokwenda ofisi hizo mara tano na kurudi wakiamini wamenyimwa kwa sababu hawana mtu, kumbe walisahau akaunti ya benki ya kikundi au muhtasari wa kikao. Waambie. Usiwapigie simu wenzako wa zamani, hata mara moja, hata kwa kikundi cha mpwa wako. Ukishafanya hivyo wewe ndiye "mtu" wao, na kesho barazani kwako patakuwa na foleni ya watu wasiotaka kujua namba, wanataka namba ya simu.

Mipaka mingine nakuwekea kwa ufupi kwa kuwa unaijua kuliko mimi: usisaini mkataba wa mtu kama shahidi, usimkopeshe anayekuja kuuliza habari za mkopo, usitoze. Machungwa pokea. Muheza mtu akikataa machungwa ataishi na nani?

Na chagua siku. Hapa nakusihi kweli. Usifungue baraza kila asubuhi kuanzia saa mbili mpaka saa tisa na nusu, maana nakuona tayari unatafuta mhuri. Siku mbili kwa wiki, mchana nusu. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa kwamba unawasomea watu mikataba yao bure, ili jambo lifanyike hadharani. Kutakuwa na siku ambazo hatakuja mtu. Utakaa na shati lako la bluu na saa nne itapita, na mkono utawasha. Siku hizo usihesabu kwamba umeshindwa. Nenda kacheze drafti, ufungwe na vijana. Hao vijana wa kijiweni wana pikipiki, na mikataba yao wameikunja mifukoni.

Kuhusu video za mwanao, mjibu kwa kumtumia picha ya ukurasa wenye 85,000. Ataelewa au hataelewa.

Nimalizie na kuku, kwa sababu wale 37 wananiuma kidogo, na kwa dalili ulizozitaja nadhani kilikuwa kideri. Kideri hakina dawa, kina kinga tu. Chanjo ni tone moja jichoni, kuku wakiwa wazima, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Muone ofisa mifugo wa kata kabla hujanunua wengine. Ubaya wake ni kwamba chupa moja inachanja kuku mamia, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka wiki ijayo, ndiyo maana mwenye kuku kumi anaona hasara kuinunua na anaacha. Wenye kuku wa mtaa wenu mkichangiana mtaimudu bila shida. Atatakiwa tu mtu wa kuandika nani ana kuku wangapi, nani katoa shilingi ngapi, na tarehe ya chanjo inayofuata.